Disjonkta ya kV 220: pompi ya hidroliki inawaka kila dakika 40 lakini hakuna mafuta yanayovuja

posti220
Wakubwa, jambo. Naleta kesi ya disjonkta (swichi kubwa ya kukata umeme) ya kV 220, ya gesi ya SF6 inayozima tao la umeme, inayoendeshwa kwa hidroliki, upande huu wa Lubumbashi. Nguzo tatu (moja kwa kila fezi), silinda tatu, ila pompi na akumulata ya nitrojeni (chupa inayotunza presha) ni moja kwa zote. Bamba linasema hivi: pompi inawaka presha ikishuka hadi bar 320, na 320 ikirudi inaendelea sekunde 3 ndipo inasimama. Zuio la kujifunga upya ni bar 308, zuio la kufunga 273, zuio la kufungua 253, alarmu ya nitrojeni 355, vali ya usalama 375. Nitrojeni yenyewe bar 200 kwa digrii 20.

Tatizo: pompi inawaka kila dakika 40 hivi, mchana na usiku. Chini ya kabati hakuna tone, maungio ya mabomba ni makavu, mafuta ya tangi yako palepale. Hakuna alarmu hata moja. Watu wa zamu wanasema tuiache tu maana "inajijaza yenyewe". Tunaanzia wapi kabla ya kugusa spana?

Mzee Volti
Mdogo wangu, mafuta ya tangi yakiwa palepale ujue hayatoki nje. Yanazunguka ndani: yanatoroka upande wa presha kubwa na kurudi tangini kwa njia ambayo ingepaswa kuwa imefungwa. Kwa hiyo acha kutafuta tone.

Leta mambo matatu. Kwanza, ulipopima hizo dakika 40 disjonkta ilikuwa imefungwa (umeme unapita) au iko wazi (umeme umekatwa)? Pili, kila ikiwaka pompi inazunguka sekunde ngapi? Tatu, ukiibadilisha hali na kuiacha masaa kadhaa, muda unabaki uleule? Hilo la tatu ndilo litakalokutajia vali.

kijana_wa_likasi
Mimi naona njia fupi ipo. Gusa rele ya muda, sekunde 3 uzifanye 15. Pompi itapanda hadi 345, itakaa muda mrefu kabla ya kuwaka tena. Mota itapumzika.

Fundi Karavia
@kijana_wa_likasi hapana, hiyo usimpe mtu. Anayevuja ataendelea kuvuja, na atavuja zaidi maana presha imeongezeka. Halafu unakaribia 355. Kengele ya 355 imewekwa hapo ili ikuambie nitrojeni imepungua: gesi ikiwa kidogo ndani ya akumulata, mafuta kidogo tu yanarusha presha juu kwa ghafla, kwa sababu mafuta yenyewe hayabanwi. Zile sekunde 3 zimehesabiwa: gesi ikiwa kamili, pompi haifiki 355, gesi ikiwa pungufu, inafika. Ukiongeza hadi sekunde 15 umeharibu kipimo chenyewe. Kwenye mitambo ya aina hii alarmu ya 355 inazuia kufunga papo hapo, na baada ya masaa 3 inazuia na kufungua. Utakuwa umejitengenezea disjonkta isiyotii amri, na laini iko na kurani (mkondo wa umeme).

kijana_wa_likasi
Sawa yaya, nimeelewa. Nafuta wazo langu.

posti220
Majibu haya hapa, Mzee.

1. Dakika 40 zilipimwa disjonkta ikiwa imefungwa.
2. Pompi inazunguka kama sekunde 10 kila inapowaka. Sauti yake ni ya kawaida.
3. Kulikuwa na kukata kulikopangwa, ikakaa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Pompi haikuwaka hata mara moja. Ilipofungwa tena, dakika 40 zikarudi.

Fundi Karavia
Basi nusu ya kazi umeimaliza bila kufungua bulo (bolti) hata moja. Nieleze kwa nini, na wengine wanaosoma wafuate kwenye mchoro wa hidroliki wa mashine zao.

Pistoni ya silinda ina pande mbili zisizolingana. Upande wa fimbo ni mdogo, na unakaa kwenye presha kubwa saa zote, disjonkta iwe wazi au imefungwa. Upande wa kichwa ni mpana. Ukitaka kufunga, vali kuu inaruhusu presha kubwa iingie upande wa kichwa pia; presha ni sawa pande zote lakini eneo la kichwa ni kubwa, kwa hiyo pistoni inasukumwa kufunga. Ukitaka kufungua, vali kuu inamwaga mafuta ya kichwa kwenda tangini, na upande wa fimbo unavuta pistoni upande wa pili. Nguvu si ya mchezo: kwa bar 320 kila sentimita moja ya mraba inasukumwa kwa kilo zaidi ya 320.

Sasa tafuta wapi panaweza kuvuja.

Disjonkta ikiwa wazi: kichwa hakina presha, kimeunganishwa na tangi. Presha kubwa inazuiwa na kiti cha kuingizia cha vali kuu (kiti ni pale vali inapokaa ikiziba). Hapo pia ndipo jointi (sili) ya pistoni inapofanya kazi kweli, maana upande mmoja una bar 320 na mwingine hauna kitu. Kwa hiyo pompi ikiwaka sana disjonkta ikiwa wazi tu, washukiwa ni kiti cha kuingizia, vali ndogo ya amri ya kufunga, au jointi ya pistoni.

Ikiwa imefungwa: presha iko pande zote mbili za pistoni, kwa hiyo jointi ya pistoni hata ikiwa imechakaa haitaonekana. Kinachozuia ni kiti cha kurudishia cha vali kuu na vali ndogo ya amri ya kufungua. Wewe uko hapa. Ni moja ya hizo mbili, kwenye nguzo moja kati ya tatu.

Ingekuwa inawaka kwenye hali zote mbili, tungeangalia vitu vya pamoja: vali ya usalama, vali ya kumwagia iliyofungwa vibaya, na vali ya kuzuia kurudi iliyo kwenye kutokea kwa pompi.

Mama Rele
Fundi amesema vyema. Naongeza jambo moja kabla mtu hajachukua hesabu hii na kuibandika kwenye mashine nyingine: ondoeni kwanza baridi kwenye kesi.

Hapa kwetu mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka chini ya digrii 10, mchana unarudi zaidi ya 25. Nitrojeni inafuata joto kamili (digrii za kawaida jumlisha 273). Chukua bar 335 saa nane mchana kwa digrii 26. Mafuta yasipotoroka hata kidogo, alfajiri kwa digrii 8 utakuta 335 × 281 ÷ 299, yaani karibu bar 315. Pompi imeshawaka bila kosa la mtu. Na kinyume chake: ikijazwa 325 alfajiri, mchana itasoma karibu 346 bila pompi kugusa kitu. Kabati likipigwa na jua moja kwa moja inasogea zaidi. Kwa sababu hiyo michoro mingine inapitisha alarmu ya 355 kwenye kontakti ya pompi kwanza, ili jua peke yake lisipige kengele.

Kesi ya posti220 si baridi, kwa sababu muda ni uleule mchana na usiku na unabadilika na hali ya disjonkta tu. Lakini kiangazi nimeshaona vikundi vya kazi vinafungua vali nzima kwa ajili ya pompi iliyowaka mara mbili usiku.

Tena, msianze kupima uvujaji pompi ikisimama tu. Gesi iliyobanwa haraka inapata joto, ikipoa manometa (kipima presha) inashuka bar kadhaa peke yake. Subirini nusu saa hadi saa nzima, ndipo muandike namba ya kwanza.

posti220
Aksanti Mama. Tutafuteje nguzo ipi kati ya tatu? Mabomba yote yanaingia kwenye kitalu kimoja (bloku ya chuma yenye vali).

Mzee Volti
Kwa joto na kwa sikio.

Mafuta yanayopenya kwenye ufa kutoka bar 320 hadi sifuri yanaacha nguvu yake yote kama joto. Kwa mafuta ya madini inafika karibu digrii 19 juu ya joto la mafuta yaliyoingia. Uvujaji wako ni mdogo, chuma kitakula sehemu kubwa, lakini tofauti ya digrii 3 au 4 kati ya nguzo utaiona kwa kipima joto cha infraredi. Pima mapema asubuhi kabla ya jua, hita ya kabati ikiwa imezimwa tangu jioni, na elekeza kifaa sehemu ileile kwa kila nguzo: bomba la kurudishia, sentimita chache chini ya kitalu cha vali. Bomba linalong'aa linadanganya kifaa. Bandika utepe mweusi wa umeme na upime juu ya utepe.

Sikio: bisibisi ndefu, ncha kwenye kitalu, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Vali nzima iko kimya. Inayovuja inalia "ssss" nyembamba isiyokatika.

Mkono usipitishwe kwenye maungio kutafuta unyevu. Tundu lisiloonekana kwa macho linatoa uzi wa mafuta unaopenya ngozi na glovu. Kidonda kinaonekana kama kimechomwa na sindano, hakiumi sana mwanzoni, na baada ya masaa mkono unaanza kufa. Huyo anakwenda kwa daktari wa upasuaji wakati huohuo, na aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha. Tumia kipande cha katoni kutafuta.

posti220
Vipimo vya leo alfajiri, hewa digrii 14. Bomba la kurudishia nguzo A: 15.1. Nguzo B: 19.8. Nguzo C: 15.3. Na B inalia.

Fundi Karavia
Ni B. Sasa amua kati ya kiti cha kurudishia na vali ndogo ya kufungua. Hapa ndipo nisingekubali kusubiri, na sababu ni hii.

Vali kuu haishikwi na springi ikiwa kwenye kufunga, inashikwa na mafuta. Nyuma yake kuna chumba kidogo kinachojazwa kupitia tundu jembamba la kujishikilia. Bobini (koili) ya kufungua ikipata amri, vali ndogo inafungua chumba hicho kwenda tangini, presha inaanguka, vali kuu inageuka. Vali ndogo ikianza kuvuja, chumba kinapoteza mafuta pole pole, na tundu jembamba linafidia. Siku uchafu unapoziba tundu hilo, fidia inakoma, chumba kinaishiwa, na disjonkta inafungua bila amri ya mtu yeyote. Rele zote zitakuwa safi, kwenye kumbukumbu ya ulinzi hakuna kitu, na watu watabishana wiki nzima kuhusu kebo.

Hitilafu inayofanana na hiyo: unatoa amri ya kufunga, inafunga, halafu hapohapo inafungua. Watu wanakimbilia bobini na rele ya kuzuia kurudiarudia. Angalieni pia tundu la kujishikilia limeziba au kitufe (gololi) cha vali ndogo ya kufungua hakijarudi kwenye kiti chake.

kijana_wa_likasi
Kabla ya kufungua kitalu, si mtu ajaribu kuifanyisha kazi mara kadhaa uchafu utoke?

Fundi Karavia
Ndiyo, safari hii uko sawa kabisa. Mara nyingi ni chembe tu iliyokaa kwenye kiti. Sekshoneri (swichi za kutenganisha) za pande zote mbili ziwe wazi, ardhi imewekwa, presha kamili, kisha fungua na funga mara 3 hadi 5 kwa amri ya hapo hapo, ukiruhusu pompi ijaze katikati. Iache imefungwa, subiri saa moja, pima tena. Muda ukirudi masaa mengi, umepona kwa sasa, lakini badilisha mafuta na filta maana chembe haikuzaliwa peke yake. Usipobadilika, fungua.

posti220
Tumefanya mara 5. Dakika 40 zimekuwa 55. Haitoshi. Tunafungua. Nipeni mpangilio wa kuondoa presha, kitabu tulicho nacho kimechanika kurasa hizo.

Mzee Volti
Mpangilio, na usirukwe:

Disjonkta iwe wazi. Sekshoneri pande zote wazi na zimefungwa kwa kufuli, ardhi pande zote. Zima disjonkta ndogo ya mota ya pompi na uweke kufuli. Toa kurani ya amri zote, ya kufunga na za kufungua zote mbili, maana bobini za kufungua ni mbili na kila moja ina chanzo chake. Hapo ndipo ufungue vali ya kumwagia, pole pole, robo ya mzunguko, jicho kwenye manometa.

Utaona kitu cha kufaa hapo. Presha itashuka taratibu, 320, 280, 240, halafu ikifika mahali itaanguka ghafla hadi sifuri. Namba ya mwisho kabla ya kuanguka ndiyo presha ya nitrojeni iliyomo. Iandike pamoja na joto. Kwa digrii 14 na bamba la 200 kwa 20, unatarajia 200 × 287 ÷ 293, yaani karibu 196. Ukikuta 170, una kesi ya pili.

Manometa ikisoma sifuri, mafuta ndiyo yako sifuri. Nitrojeni bado imefungiwa ndani ya akumulata na presha yake yote ya karibu 200. Akumulata haiguswi kwenye kifuniko wala kwenye vali ya gesi, na haichomelewi, haitobolewi, haitumiki kama mahali pa kushikia mnyororo.

Mama Rele
Mzee, nisaidie kupigia msitari neno "wazi". Kuna watu wanamwaga presha disjonkta ikiwa imefungwa kwa sababu laini haikuruhusiwa kukatwa, au presha imeanguka yenyewe mpaka sifuri ikiwa imefungwa na kurani inapita. Halafu mtu anawasha pompi ili "irudi".

Hilo ni la hatari kuliko yote kwenye uzi huu. Presha ikipanda kutoka sifuri, upande wa fimbo unajaa kwanza, upande wa kichwa unategemea vali kuu ilikobaki. Vali ikiwa imelegea mahali pake, pistoni inaanza kufungua kwa mwendo wa konokono. Disjonkta ya SF6 inazima tao kwa sababu kontakti zinaachana kwa mita kadhaa kwa sekunde na gesi inapulizwa kwa kasi hiyohiyo. Ikiachana pole pole na kurani inapita, tao halizimiki, chemba inapasuka. Mashine nyingi zina kifaa cha kuzuia kufungua pole pole, kipini au vali yenye kufuli ya vitufe, lakini kifaa hicho kinachakaa kama vingine.

Ikikutokea: usiwashe pompi. Zuia pistoni kwa kipini cha mtengenezaji kama kipo, toa mzigo kwa kukata na disjonkta nyingine za juu, fungua sekshoneri bila mzigo, ndipo ushughulikie hidroliki.

Kamalondo27
Swali la pembeni. Mafuta ya kujazia. Huku kuna mtu ametushauri mafuta ya breki maana "nayo ni hidroliki", yanapatikana kila duka la vipuri vya gari.

Fundi Karavia
Hapana! Mafuta ya breki ya kawaida ni ya glaikoli, na jointi za disjonkta nyingi ni za mpira wa NBR uliotengenezwa kwa mafuta ya madini. Zitavimba, zitalainika, na baada ya muda utakuwa unabadilisha kila jointi kwenye nguzo tatu. Yanavuta maji pia.

Soma bamba. Mashine nyingi za namna hii zinataka mafuta mepesi ya hidroliki ya ndege, yale mekundu ya daraja la MIL-PRF-5606, mnato wake ni karibu 13 hadi 14 mm²/s kwa digrii 40. Nyingine zina mafuta yao ya viwandani. Usichanganye aina mbili hata kama rangi inafanana. Ukiagiza kupitia mpakani Kasumbalesa, dai ndoo iliyofungwa kiwandani, siyo iliyopimwa upya kwenye bidoni.

Na mafuta mapya siyo mafuta safi. Yapitishe kwenye filta ya mikroni 10 au ndogo zaidi unapojaza. Yakiwa na rangi ya maziwa, yana maji: msimu wa mvua unyevu unaingia kwa pumzi ya tangi, hasa hita ya kabati ikiwa imeungua bila mtu kujua. Gusa hita kila unapofanya ukaguzi, ni sekunde moja.

posti220
Tumefungua B. Nitrojeni ilisoma 195, nzuri. Kiti cha kurudishia cha vali kuu ni safi. Kitufe cha chuma cha vali ndogo ya kufungua kina mkwaruzo unaoonekana kwa lenzi, na kwenye kiti kuna alama ya mwezi mwembamba, kama theluthi ya mzunguko. Kwenye filta ya kufyonzea kulikuwa na vipande vidogo vinavyong'aa.

Mzee Volti
Kitufe kipya cha kipimo kilekile, usikisugue cha zamani. Kiti chenye alama nyembamba kinaweza kurudishwa: weka kitufe cha zamani kingine kizima, kigonge mara moja kwa fimbo ya shaba nyeupe au nyekundu, kiache pete nyembamba inayofunga mzunguko mzima, kisha weka kitufe kipya. Poda ya kusugulia usiingize humo.

Fundi Karavia
Hapa tutatofautiana, Mzee. Theluthi ya mzunguko kwangu ni kitalu kipya cha vali ndogo. Kugonga kunafaa kwa alama usiyoisikia kwa ukucha. Na vipande vinavyong'aa vinanipeleka kwenye pompi: fungua pistoni zake uangalie kama zinakula. Ukiweka kitufe kipya na pompi inaendelea kutema chuma, utarudi hapa msimu wa mvua, wakati wa radi, unapotaka mzunguko kamili: kufungua, kusubiri sekunde 0.3, kufunga na kufungua, kusubiri dakika 3, kufunga na kufungua.

Mzee Volti
Kuhusu pompi nakubali. Kuhusu kiti, kama kitalu kipya kipo mkononi, kiwekwe. Kama kitachukua miezi mitatu kufika, mimi nitagonga kiti.

posti220
Kitalu kilikuwepo stoo, kimewekwa, pamoja na oringi zote za B. Pompi: pistoni moja kati ya mbili ilikuwa na mistari, imebadilishwa. Mafuta mapya, filta mpya. Nini kinafuata kabla ya kurudisha kazini?

Fundi Karavia
Toa hewa kwanza. Vali ya kumwagia iwe wazi, zungusha pompi kwa vipindi vifupi mafuta yazunguke hadi yarudi tangini bila mapovu, legeza bulo ya hewa ya pompi mpaka yatoke mafuta matupu, kaza. Hewa ikibaki, pompi itazunguka bila kufikisha presha na utadhani umeharibu kitu.

Funga vali ya kumwagia, panda. Manometa inapaswa kuruka mara moja hadi karibu 196 kisha ianze kupanda taratibu. Ukifika juu, angalia maungio ya B kwa katoni.

Presostati (swichi za presha): shusha pole pole kwa vali ya kumwagia, mota ikiwa imezimwa, na uandike kila kontakti inageuka kwa namba gani: 320, 308, 273, 253. Tumia manometa ya kipimo, siyo ile ya kabati. Presostati zinazeeka na zinahama.

Halafu kushuka kwa presha kwa kila kazi. Mota imezimwa, anza kutoka presha ya kusimama, fungua mara moja, soma, funga, soma, funga na fungua, soma. Linganisha na karatasi ya kiwandani. Ikishuka zaidi ya zamani na nitrojeni ni nzuri, mafuta yanapita mahali vali inapogeuka.

Mama Rele
Na mwisho muda wa kontakti. Kiwango cha IEC 62271-100 kwa nguzo tatu: zikifunga, tofauti isizidi robo ya mzunguko, yaani milisekunde 5 kwa hertz 50, zikifungua, moja ya sita, milisekunde 3.3. B imepata vali mpya, A na C zina vali za zamani. Hapo ndipo tofauti inapoingia. Rekebisha kwa tundu la kupunguza mwendo, kama mashine inalo, siyo kwa presha, maana presha ni ya wote watatu.

Bobini: kufungua kwa kurani ya moja kwa moja kunapaswa kufanya kazi kuanzia asilimia 70 hadi 110 ya volti ya bamba, kufunga 85 hadi 110. Jaribu bobini zote mbili za kufungua, kila moja peke yake.

kijana_wa_likasi
Mama, mwinuko wa hapa haubadilishi hizi bar 320?

Mama Rele
Kwa mafuta hapana, ni kama kutoa senti kwenye milioni. Kwa SF6 ndiyo: Lubumbashi iko juu ya mita 1,200, hewa yetu ni pungufu kwa karibu bar 0.13 kuliko ya pwani, kwa hiyo manometa ya kawaida inasoma zaidi kwa kiasi hicho wakati gesi ni ileile. Kwenye disjonkta ya bar 6 na kitu, na alarmu iliyo karibu, 0.13 inahesabika. Angalia kama kipimo chako ni cha presha kamili au cha kulinganisha na hewa.

Kamalondo27
Na wale wanaosema tuhamie hidroliki ya springi za sahani, tuachane na nitrojeni?

Mzee Volti
Mfano HMB iliyobuniwa na ABB. Nishati inakaa kwenye springi za chuma zilizopangwa, mafuta yanazisukuma tu. Presha haifuati baridi ya mwezi wa 7 na hakuna gesi ya kutoroka. Ni nzuri. Lakini viti vya vali, chembe na mafuta machafu viko palepale, na hadithi ya hali ya wazi na ya kufungwa aliyoeleza Fundi inabaki. Kwa kubadilisha yote, fikirieni na springi tupu zisizo na mafuta, kama nguvu inayohitajika inaruhusu. Delestaji (migao ya umeme) nyingi zinaongeza kazi: daraja la M1 ni kazi 2,000 za kufunga na kufungua, la M2 ni 10,000. Soma kaunta kabla ya kuagiza.

posti220
Matokeo. Kufunga: A 98.4, B 96.9, C 98.1 ms. Kufungua: A 23.0, B 22.2, C 22.8. Presostati ya 273 iligeuka kwa 266, imebadilishwa. Imekaa imefungwa tangu juzi saa nne asubuhi. Kaunta ya pompi imesogea mara mbili, zote kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri.

Fundi Karavia
Hizo mbili ni baridi. Andika namba zote kwenye daftari la posti (kituo cha umeme) pamoja na joto la saa hiyo, na presostati ya 253 uipime tena baada ya miezi sita maana imekaa kabati moja na ile iliyohama. Filta ya kufyonzea ifunguliwe baada ya mwezi: ukikuta vinavyong'aa tena, pistoni ya pili ya pompi nayo.